Madam, Nyutrino Nayo Inaanguka?

Ilikuwa wiki ya tatu ya BTP, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, Kidato cha Nne. Mada ilikuwa mnururisho. Nimeshaandika ubaoni ile milinganyo mitatu ya alfa, beta na gama, nimeshapiga mstari chini ya jibu, na kichwani nahesabu dakika tu kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa na chai kavu tumboni. Darasani walikuwa wanafunzi 84. Nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo, binti mmoja akanyoosha mkono.

"Samahani madam. Kwenye beta, kaka yangu aliniambia kuna kitu kingine kinatoka pamoja na elektroni, kinaitwa nyutrino. Akasema kinapita ukutani, kinapita hata dunia nzima na hakigusi kitu. Sasa madam, mvutano je? Nyutrino nayo inaanguka?"

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka kidogo, kununua muda. Halafu nikasema ile sentensi ambayo nimesikia walimu wangu wakiisema tangu nikiwa na miaka 14: "Hiyo haipo kwenye silabasi. Kaa chini."

Akakaa. Nilibaki pale shuleni wiki tatu zaidi na hakunyoosha mkono tena. Mbaya zaidi, hata yule kijana wa dawati la pembeni yake, aliyekuwa anauliza kila kipindi, naye akanyamaza. Msimamizi alipokuja kunikagua aliandika kwamba nina udhibiti mzuri wa darasa. Nikapata alama nzuri kwa darasa ambalo nilikuwa nimelifunga mdomo mwenyewe.

Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nina miaka 22, niko mwaka wa tatu, nasomea ualimu wa fizikia na hisabati. Kozi ya kwantamu niliifaulu vizuri tu, kwa desa na mitihani ya miaka ya nyuma kama wengi wetu. Nyutrino nilikutana nayo humo, nikaiandika kwenye UE, nikatoka ukumbini nikaiacha humo humo. Swali la yule binti halikuwa nje ya silabasi yangu mimi. Lilikuwa ndani kabisa. Nilichomfanyia ni kutumia silabasi yake kuficha uvivu wangu.

Niliporudi chuo nikawasimulia wenzangu pale vimbweta. Mmoja akaniambia, "Na wewe unajitesa bure, utafundisha wapi nyutrino?" Mwingine akasema hata yeye angejibu vile vile. Hapo ndipo nikaona kwamba jambo hili si la kwangu peke yangu. Sisi wa elimu tuna kauli yetu ya kujitetea, "hii sitaifundisha", na tunaitumia kuanzia wiki ya kwanza ya muhula. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kauli hiyo ni ya uongo, na kwamba mwalimu asiyejisumbua na yale asiyoyafundisha hatayafundisha vizuri hata yale anayoyafundisha. Lakini siwezi kuitetea hoja hiyo hewani. Ngoja nijibu kwanza swali la yule binti, kama nilivyotakiwa kulijibu siku ile.

Tuanzie mwanzo. Kufikia mwaka 1930 wanafizikia walikuwa na hesabu isiyofunga. Kiini cha atomu kinapotoa elektroni katika mnururisho wa beta, nishati ya kabla na ya baada hazilingani; kuna chenji inapotea njiani. Wapo wakubwa waliokuwa tayari kusema labda ndani ya kiini kanuni ya kuhifadhi nishati haifanyi kazi. Desemba mwaka huo Wolfgang Pauli, akiwa Zürich, aliwaandikia barua wenzake waliokuwa wakikutana Tübingen, Ujerumani. Alipendekeza kwamba kuna chembe ya pili inatoka pamoja na elektroni, haina chaji, na ndiyo inayoondoka na ile chenji. Mwenyewe hakwenda mkutanoni kwa sababu alikuwa na dansi ya kuhudhuria, kwa hiyo mkiambiwa wasomi hawaendi pati msikubali. Jina nyutrino likaja kuenezwa na Enrico Fermi. Kwa Kitaliano ni kama kusema "kadogo kasicho na chaji". Ilipita miaka zaidi ya 25 mpaka Clyde Cowan na Frederick Reines walipoithibitisha mwaka 1956, pembeni ya kinu cha nyuklia cha Savannah River huko South Carolina, Marekani.

Ilichelewa kukamatwa kwa sababu haijuani na karibu kila mtu. Haina chaji, kwa hiyo umeme na sumaku havina habari nayo. Nguvu kali inayoshikilia kiini haiigusi. Imebakiwa na nguvu dhaifu, ambayo kweli ni dhaifu, pamoja na huo mvutano aliouulizia binti. Tazama ukucha wa kidole gumba chako. Kila sekunde nyutrino bilioni 65 hivi kutoka kwenye Jua zinaupenya. Usiku pia, ila usiku zinatokea chini ya miguu yako, zikiwa zimeshaipita dunia nzima.

Na kuna sehemu ya habari hii ambayo sikuambiwa na mtu yeyote darasani, kuanzia kidato cha kwanza mpaka leo. Nyutrino ya kwanza kunaswa ambayo haikutoka kwenye mitambo ya binadamu ilinaswa Afrika. Tarehe 23 Februari 1965, Reines huyo huyo pamoja na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand waliipata katika mgodi wa dhahabu wa East Rand, karibu na Boksburg, Afrika Kusini. Vifaa vyao vilikuwa zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, ili mwamba uwachujie chembe nyingine zote zinazomiminika kutoka juu. Mwaka huo huo kundi jingine lilizinasa Kolar, India, nalo pia ndani ya mgodi wa dhahabu. Sasa, mashimo ya Afrika Kusini hayakuchimbwa na maprofesa. Yalichimbwa na vibarua Waafrika chini ya ubaguzi wa rangi, kwa ujira wa kudhalilisha, na wazee wa Mbeya na Tukuyu wanalijua jina la Wenela, shirika lililokuwa likikusanya vijana hata huku kwetu kuwapeleka migodi ya kusini. Halafu mtoto wa Kidato cha Nne wa Tanzania anauliza kuhusu nyutrino, na mwalimu wake anamwambia hiyo si yako.

Haya, inaanguka au haianguki? Wengi wetu tukibanwa haraka tutasema haianguki: haina chaji, masi yake ni kama haipo, haigusi kitu, basi itaangukaje? Hapo ndipo tunajikamatisha, kwa sababu tunaongea kana kwamba mvutano ni kamba inayovuta vitu vizito. Kwa Einstein si kamba. Masi na nishati hupinda anga na wakati vyenyewe, viwili hivyo vikiwa kitu kimoja ambacho hapa nitakiita anga-wakati, na kila kinachosafiri kinafuata mpindo huo. Barabara yenye kona ina kona kwa lori la mchanga na ina kona kwa bodaboda. Hata yule asiyemsalimia mtu njiani lazima akate kona ile ile. Nyutrino haisalimii mtu, lakini kona inakata.

Ushahidi upo, na ninaupenda kwa sababu hakuna aliyeupanga. Tarehe 23 Februari 1987, miaka 22 kamili baada ya ile siku ya Boksburg, yaani umri wangu, nyutrino kama dazeni mbili zilinaswa ndani ya sekunde chache na vifaa vitatu: Kamioka nchini Japani, Ohio nchini Marekani, na Baksan katika Muungano wa Kisovieti wa wakati ule. Kwa saa za kwetu ilikuwa Jumatatu, saa nne na nusu hivi asubuhi. Zilitoka kwenye nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani iliyo umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 160,000. Saa chache baadaye nuru ya mlipuko huo ikafika. Nyutrino hazikutangulia kwa kuwa na mbio kuliko nuru. Zilichomoka moja kwa moja kutoka kitovuni mwa nyota, wakati nuru ilibidi isubiri mlipuko ufike juu ya uso wake.

Utamu uko hapa. Njiani, nuru na nyutrino vyote vilipita katika mvutano wa galaksi yetu, na anga-wakati iliyopinda humchelewesha msafiri. Kwa safari ile ucheleweshaji unakadiriwa kuwa wa miezi kadhaa. Kama nyutrino zingekuwa hazijali mvutano, zingeitangulia nuru kwa miezi, siyo kwa saa. Mwaka 1988 Michael Longo kwa upande wake, na Lawrence Krauss na Scott Tremaine kwa upande wao, walipiga hesabu hiyo wakaonyesha kwamba nuru na nyutrino huchelewa sawasawa, tofauti ikiwa haifiki asilimia 1. Kwa hiyo mdogo wangu, ndiyo. Inaanguka, tena inaanguka kama nuru inavyoanguka.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilipokuwa maktaba nikagundua kwamba swali la binti lina chumba cha ndani, na humo ndimo kozi yangu ya kwantamu ilipokuwa imejificha siku zote. Nuru tunaieleza kwa vekta, na vekta tunaijua: ni mshale. Nyutrino, kama elektroni, haielezwi kwa mshale. Inaelezwa kwa kitu kinachoitwa spina, ambacho Paul Dirac alikiingiza katika mlinganyo wake wa elektroni mwaka 1928. Mshale ukiuzungusha nyuzi 360 unarudi ulivyokuwa. Spina ukiizungusha nyuzi 360 inarudi na alama ya kutoa mbele yake. Mpaka uizungushe tena, zifike 720, ndipo inarudi ilivyokuwa.

Niliposoma hilo mwaka wa pili nililikariri. Safari hii nililifanya. Chukua sahani, iweke juu ya kiganja cha mkono wa kulia, kiganja kikitazama juu. Izungushe kuelekea ndani, ukiipitisha chini ya kwapa bila kuiinamisha, mpaka imalize duara moja. Sahani imerudi, lakini mkono umejisokota na kiwiko kinatazama mbinguni. Usirudi nyuma. Endelea kuzungusha upande ule ule, sasa ukiipitisha juu ya kichwa. Duara la pili likiisha, mkono umenyooka. Mimi niliijaribu kafeteria na sahani ya wali maharage, msinifuate huko, anzeni na sahani tupu. Sahani si spina, na mfano huu unaishia kwenye bega. Unachoonyesha ni kwamba katika nafasi hii tunayoishi, kuzunguka mara moja na kuzunguka mara mbili ni mambo mawili tofauti kweli. Na siyo mchezo wa hisabati tu. Mwaka 1975 makundi mawili, moja la Helmut Rauch huko Ulaya na jingine la Samuel Werner na wenzake Marekani, yaligawa wimbi la nyutroni mara mbili, yakazungusha upande mmoja kwa sumaku, kisha yakaunganisha tena. Wimbi lilirudi sawa kwenye nyuzi 720, siyo 360.

Sasa iingize spina hiyo kwenye anga-wakati iliyopinda, uone kazi. Chukua chungwa na njiti ya kiberiti. Weka njiti pale juu kwenye kikonyo, ielekee chini upande mmoja wa chungwa. Iteremshe mpaka katikati ya chungwa, bila kuigeuza. Sasa itembeze kwa robo ya duara kandokando ya kiuno cha chungwa, ikiwa bado inatazama chini. Kisha ipandishe moja kwa moja mpaka kwenye kikonyo. Hukuigeuza hata mara moja, lakini imefika ikiwa imegeuka nyuzi 90 kutoka ilivyoanza. Aliyeigeuza ni umbo la chungwa. Hivyo ndivyo mpindo unavyojitambulisha: tembea ukirudi nyumbani, ujikute unatazama kwingine.

Kwa mshale hesabu hiyo inafanyika kwa ramani ya kawaida, zile namba za mahali. Kwa spina ramani haitoshi. Ukibadilisha majina ya mahali kwenye ramani, spina haina habari. Inachokijua ni mizunguko, na ili useme kitu kimezunguka lazima uwe na fremu ya kukipimia. Kwenye ubapa fremu moja inatosha kwa ulimwengu wote. Kwenye mpindo haipo fremu moja inayonyooka kila mahali, kama ambavyo huwezi kulaza ganda la chungwa mezani bila kulichana. Mwaka 1929 Hermann Weyl, na kwa njia yao Vladimir Fock na Dmitri Ivanenko kule Leningrad, walitoa dawa: katika kila nukta ya anga-wakati weka fremu ndogo ya hapo hapo, yenye mihimili minne, mitatu ya anga na mmoja wa wakati. Jina lake la Kijerumani maana yake ni "miguu minne", na mimi siwezi tena kuifikiria ila kama kigoda. Halafu kati ya kigoda na kigoda weka kanuni inayosema: ukitoka hiki kwenda kile, spina geuza kiasi hiki. Hicho kiasi ni nusu. Njia ambayo mshale unageuka nyuzi 90, spina inahesabu 45. Ndiyo maana 360 ya mshale kwake ni 180 tu, yaani imekuwa kinyume chake, ile alama ya kutoa. Sahani na chungwa vinakutana hapo.

Uga wa spina katika anga-wakati iliyopinda ni hivyo tu: vigoda kila mahali, na kanuni ya kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine. Mwaka 1957 Dieter Brill na John Wheeler waliandika makala ya nyutrino katika mvutano kwa kutumia zana hizo hizo. Ukihesabu, njia ya nyutrino inatoka ile ile ya nuru, kama ilivyokuja kuonekana 1987. Na kuna jambo moja la nyongeza: nyutrino inajizungusha kama skrubu, na ni skrubu ya mkono wa kushoto. Kama isingekuwa na masi hata chembe, mvutano usingeweza kuigeuza mkono, uipinde njia utakavyo. Lakini mwaka 1998 jaribio la Super-Kamiokande huko Japani lilionyesha kwamba nyutrino zinabadilika aina njiani, jambo linalomaanisha zina masi, ndogo mno lakini ipo. Takaaki Kajita na Arthur McDonald walipata Nobeli ya 2015 kwa habari hiyo. Kwa hiyo mlango wa kugeuka mkono haujafungwa kabisa, umeachwa upenyo mwembamba sana.

Niruhusuni habari moja zaidi, maana ndiyo iliyonichoma. Weyl, mwaka ule ule wa 1929, aliandika mlinganyo wa chembe isiyo na masi yenye mkono mmoja tu. Mlinganyo ukakataliwa, na Pauli mwenyewe akiwa miongoni mwa waliokataa, kwa sababu kwenye kioo haufanani na taswira yake, na kila mtu alijua maumbile hayana upendeleo wa kulia au kushoto. Ukawekwa kabatini karibu miaka 30. Desemba 1955 Weyl akafariki. Mwaka mmoja baadaye Chien-Shiung Wu, akifuata wazo la Lee na Yang, akaonyesha kwamba nguvu dhaifu ina upendeleo kweli. Mlinganyo wa Weyl ukatolewa kabatini, na ulichokuwa unaeleza kikaonekana: nyutrino. Aliyeifikiria chembe hiyo na aliyeukataa mlinganyo wake ni mtu mmoja. Pauli alikuwa Pauli, na bado alimwambia mtu kwamba hiyo haipo. Mimi je, mwaka wa tatu, na chaki mkononi?

Sasa najua mtakachoniambia, kwa sababu nimeshaambiwa.

La kwanza: wanafunzi 84, vitabu vitano, maabara hakuna, wewe unaleta nyutrino. Ni kweli, na sitaki kuwapamba wanaotuletea madarasa ya hivyo. Lakini hesabuni nilichotumia hapo juu: sahani moja, chungwa moja, njiti ya kiberiti. Chungwa unalila baada ya kipindi. Kilichokosekana siku ile darasani kwangu hakikuwa vifaa.

La pili: mwalimu anapimwa kwa matokeo ya NECTA, siyo kwa maswali aliyojibu. Hili lina uzito na silidharau. Ila hebu niambieni, mtoto aliyenyamazishwa kwenye mnururisho anafaulu vipi mnururisho? Swali lake lilikuwa linagusa uhifadhi wa nishati, nguvu, masi na mvutano, vitu vyote vilivyo kwenye silabasi yake. Dakika nne za kujibu zingekuwa marudio ya mada nne. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi niliwafundisha wanafunzi 84 kutouliza.

La tatu ni la lugha. Shule ile ina kibao mlangoni kinachosema Kiingereza tu, na binti aliuliza kwa Kiswahili kwa sababu swali lilikuwa la kweli, halikuwa la kukariri. Nilipoanza kujiandalia jibu nilijikuta siwezi kulisema kwa Kiswahili, na nilipobanwa zaidi nikagundua sikuwa nalielewa hata kwa Kiingereza. Nilikuwa na maneno tu. Kiswahili ndicho kilichonifichua. Siombi tufute Kiingereza leo. Nasema kipimo cha kama umelielewa jambo ni kulieleza kwa lugha unayogombania nayo daladala.

Basi pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti ya serikali ya wanafunzi. Kila mmoja wetu aliyerudi BTP ana swali lililomshinda darasani. Asijifanye hana. Tuchague jioni moja kwa wiki, tukae vimbweta, mtu mmoja alete swali lake na jibu alilolitafuta. Masharti yawe matatu tu: lielezwe kwa Kiswahili, litumie vitu vinavyopatikana katika shule ya kata, na msemaji aseme wazi mfano wake unaishia wapi, kama sahani inavyoishia kwenye bega. Wa kemia waje, wa biolojia waje, wa historia waje, maana najua nao kuna maswali waliyakalisha chini. Na gazeti hili litenge ukurasa mmoja kila toleo kwa swali la wiki lililotusumbua zaidi. Kama halitoshi kutupa krediti, litatutosha kutokuona aibu siku ya kuingia darasani kwa mshahara.

Yule binti atafanya mtihani wake wa Kidato cha Nne Novemba hii. Nimeandika jibu kurasa mbili, kwa mkono, na mchoro wa chungwa, nikampa mwalimu wake wa fizikia ambaye amekubali kulifikisha. Sikuanza na Pauli wala Weyl. Nimeanza hivi: "Ndiyo, inaanguka. Swali lako lilikuwa zuri kuliko kipindi changu. Naomba unisamehe kwa kukukalisha, na kesho nyoosha mkono tena."